Daktari Ravindra Asiyekula na Mwenye Andiko

Ukitaka kumwona Daktari Ravindra akicheka miaka ile, ilibidi ufike kantini ya hospitali saa ya chai ya asubuhi, ukae karibu na meza yake na Isidori wa maabara. Kwingine kote kicheko kilikuwa likizo. Nyumbani kwake Kariakoo, ghorofani juu ya duka la mabati, kulikuwa na meza ya viti sita na mlaji mmoja. Mkewe, Ranjanben, alikwenda Uingereza kumsaidia binti yao Alpa aliyejifungua. Mtoto sasa anasoma shule, na bibi bado anasaidia.

Ravindra alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupitia maandiko ya utafiti. Kazi yenyewe ni hii: daktari au muuguzi akitaka kufanya utafiti kwa wagonjwa, anaandika atafanya nini na vipi, kisha wenzake wa hospitali hiyohiyo wanasoma na kusema lipite au lirudi. Na kwa kuwa hao wenzake ndio haohao anaogombania nao shuka za wodi, Ravindra alijiwekea mwiko: hali chakula na mtu ambaye andiko lake liko mezani kwake. Hata chai.

Zamani mwiko huo haukumgharimu kitu, maana maandiko yalikuwa adimu kama sukari ya duka la ushirika. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Kariakoo ikajaa redio na mitumba, hospitali ikajaa wafadhili, na kila mwenye kalamu akagundua kwamba moyoni alikuwa mtafiti tangu utoto. Daktari wa meno ana andiko, mfamasia ana andiko, hadi msimamizi wa jiko alikuwa anachunguza uji. Ravindra akawahama mmoja mmoja, mpaka akabaki na Isidori, ambaye alikuwa akisema yeye anapima choo, hatafiti.

"Mhindi wangu," Isidori alikuwa akimwambia akiona sahani ya mchicha na maharage, "hivi mbuzi wa Jangwani wanajua kwamba unawalia chakula chao?"

Ravindra, aliyemwita Mangi kama Wachaga wote wanavyoitwa mjini, humjibu kwamba Mchaga asiye na duka Kariakoo hana haki ya kumcheka mtu yeyote. Basi hapo watacheka mpaka mpishi achungulie.

Mvua za masika zikajaza maji bonde la Jangwani, watoto wakaanza kuharisha, na Isidori naye akaja na andiko la kuwachunguza watoto hao hukohuko. Ravindra alilipokea kwa mikono miwili, akamwambia kuanzia leo atakula ofisini. Isidori akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

Andiko lilikuwa zuri. Wajumbe wengine wawili, Sista Severa na Daktari Bakili, walishalipitisha. Kitu kimoja tu kilimkwama Ravindra kooni: mama atakayekubali mwanawe atolewe damu ya utafiti angepitishwa mbele ya foleni kumwona daktari. Alilisoma kwenye ile meza ya viti sita, akijua kwamba akinyamaza atakuwa tena na mtu wa kula naye. Anyamaze tu. Nani amewahi kufungwa kwa ajili ya foleni?

Akalirudisha.

Desturi ya kamati ile ni kwamba aliyekataa andiko humweleza mwenyewe ana kwa ana, mbele ya wajumbe. Isidori akaitwa.

"Mama gani atalalamika kwa kupitishwa mbele?" aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo kasoro yenyewe. Mwenye mtoto anayeharisha hawezi kukukatalia, Mangi."

"Kwa hiyo kosa langu ni kusaidia."

"Kosa ni kumsaidia anayekupa damu na kumwacha asiyekupa."

Isidori akakusanya karatasi zake taratibu. "Ungeniambia pembeni."

"Pembeni tunakula. Hapa tunapitia maandiko."

"Sawa, Mwenyekiti."

Sista Severa akageukia dirishani. Isidori hakuwahi kumwita Ravindra hivyo, na cheo, kumbe, kinaweza kuchoma kama sindano butu.

Andiko likarudi limerekebishwa: kila mtoto atibiwe kwanza, damu iombwe baadaye. Likapita, mwiko ukaisha. Ravindra akarudi kantini na sahani yake, akakuta Isidori amehamia meza ya watafiti wenzake. Alisalimiwa vizuri sana, kama mkaguzi.

Ilikuwa kazi ya mwenyekiti kwenda kuona utafiti ukifanyika. Akashuka Jangwani kwa miguu, suruali ikila tope, akasimama nyuma ya foleni ya akina mama. Mbele, chini ya turubai, kuna mtoto alikuwa ameshapimwa na kupewa dawa. Isidori akamwomba mama yake damu kidogo ya utafiti.

Mama akatikisa kichwa. Alisema mwanawe hana damu ya kugawa.

Isidori akamwambia haina shida. Akamwonyesha namna ya kukoroga maji ya chumvi na sukari, akamtakia mtoto nafuu.

Ravindra alitamani kumwambia mtu: umeona? Amekataa, na dawa anayo. Lakini wa kumwambia, katika jiji zima, alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyekaa chini ya turubai. Isidori akainua macho, wakatazamana. Ravindra akaanza kuinua mkono.

"Anayefuata," Isidori akasema, na mama mwingine akasogea, akamziba Isidori.