Mtawanda wa Zuhura

Masizi ya kandili yana harufu kavu ya kukaba koo, na nikiisikia narudi Matrah, mji wa bandari ng'ambo ya bahari, kabla ya barabara za lami, kwenye nyumba tuliyopanga baada ya kuhama Unguja. Ukutani palikuwa na picha moja tu. Baba, baharia wa meli za mizigo, alipewa huko Japani na mchoraji aliyeichapa mbele ya macho yake. Haikuwa picha ya kitu: weusi, mistari ya mbao, alama za uzi. Baba alituhadithia kwamba yule bwana hakuchonga ubao. Alibandika nyuzi na majani juu yake, akapaka wino, akalaza karatasi nyembamba yenye unyevu, akaisugua mgongoni mpaka wino ukapenya upande wa pili. Upande huo wino ulikopenya ndio Baba alioutundika uonekane. Bibi, mama yake Baba, hakutaka sura ya kiumbe nyumbani, ila hii aliikubali kwa kuwa haina mtu.

Ndiyo maana mdogo wangu Zuhura alipokufa kwa homa, na miaka yake mitano, hatukuwa na picha yake hata moja. Mama alikuwa akinishika mkono, "Pua yake ilikuwaje? Nambie, mie nnasahau." Nami wa miaka tisa nilikuwa nasahau, na niliona haya.

Kilichobaki ni mtawanda wake mmoja, kiatu cha mti cha kuendea chooni, wa kushoto, umelika pale alipozoea kukanyaga. Nikaupaka masizi na maji ya wanga, nikatoboa karatasi aliyokuja nayo Baba ili msuruaki, kile kijiti cha kubana kwa vidole, upite, nikasugua kwa mgongo wa upawa. Palipolika hapakushika wino. Pakatoka kisigino cheupe na vidole. Nikampelekea Mama mbio.

Aliitazama sana, kisha akalia. "Huu wa kulia," akasema. "Umenletea mguu wa mtoto mwengine."

Jamani, ujinga wangu! Baba alishatuambia kila kinachochapwa hutoka kinyume.

Baba hakunigombeza. Aliigeuza karatasi. Masizi yalikuwa yamepenya, hafifu, na mguu ulikuwa wa kushoto. Mama akauwekea kiganja. Bibi akauliza hiyo ni sura ya nani.

"Ya mti tu, Mama," Baba akamjibu mama yake.

Bibi akautazama ule mguu, akaenda kutafuta msumari.

Leo wajukuu wangu wanapiga picha hata sahani ya wali, kisha wanazifuta bila kuangalia. Hii yangu wanaicheka, eti imetundikwa kinyumenyume, na nawakemea wasiiguse. Pua ya Zuhura siikumbuki kabisa. Mguu wake wa kushoto naujua.