Bando ya Siku Mbili

Juzi katika duka la simu mjini Meru, mbele yangu walisimama mama na mumewe kutoka Githongo. Mama alikuwa anasafiri na wakulima wenzake wa kahawa, Uganda, Rwanda hadi Tanzania, siku tisa. Hajawahi kuvuka mpaka. Lakini aliyeegemea kaunta na kuongea ni mzee.

"Mwekee bando ya nchi zote," alimwambia mhudumu. "Ng'ombe akikataa kukamwa, nampigia video ananionyesha. Hata chumvi sijui huwa anaweka wapi."

"Zote zinashika, mzee. Hata akiwa kwa mkutano utampata."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitoe hotuba, ile niliyotoa kwenye mdahalo wa chuo kuhusu haki za wanawake. Mama akanisogeza kwa kiwiko, polepole tu, akaweka kidole kwenye orodha ya bei.

"Mimi niwekee hii ya siku mbili."

Mzee akageuka. "Mama watoto, na hizo saba zingine?"

"Hizo utakuwa umeshajua kukama."

Kila siku matangazo yanatuahidi kwamba ukivuka mpaka bado utapatikana. Hakuna anayeuliza kama mwenye simu anataka kupatikana.