Chumba Kisicho na Madirisha cha Walter Obunga

Serikali, kwa kauli iliyosomwa barazani mwezi wa Mei 1994, nje kidogo ya Rangwe, imeazimia kwamba kufikia Krismasi ya mwaka unaofuata hakutakuwa na nyumba hata moja katika lokesheni hiyo itakayowasha koroboi. Wananchi wanaombwa kujiandaa. Aidha, wanashauriwa kuboresha makao yao, kwa vile umeme ni kitu cha heshima na hauwezi kuingia mahali popote tu. Kauli hiyo ilisomwa kwa Kiingereza, ikasomwa kwa Kiswahili, kisha ikafasiriwa kwa Dholuo na karani aliyeongeza mawili matatu ya kwake. Watu wakapiga makofi kama wapigavyo watu waliokaa juani tangu saa tatu.

Walter Obunga hakupiga makofi. Alikuwa anapima chumba kichwani.

Kwa miaka ishirini na sita Walter alikuwa mtu wa gari la sinema. Kampuni moja ya sabuni ilimzungusha Nyanza Kusini yote, Migori leo, Awendo kesho, Karungu wiki ijayo, akitundika shuka jeupe sokoni na kuwaonyesha watu jinsi ya kufua. Baada ya kufua ilikuja filamu yenyewe, mikanda mitatu, na hiyo ndiyo iliyowaleta watu. Kule Karungu wadudu wa ziwani walikuwa wanajaa kwenye mwanga wa mashine hadi waigizaji wote wakaonekana wana ndui. Walter aliwafuta kwa leso, akasimama, akaendelea kusimama. Kazi ile haikuwa na kiti.

Tena haikuwa na mwisho. Mkanda wa tatu ukifika katikati, dereva alikuwa anapiga honi mara moja, maana yake Walter aende akakunje waya za ziada kabla umati haujainuka na kuzikanyaga. Kwa hiyo filamu aliyoionyesha mara nyingi kuliko zote, ile ya mwanamke anayemngoja mume aliyekwenda vitani, aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda msalani, isipokuwa dakika kumi za mwisho. Hakujua kama yule bwana alirudi. Angeweza kuuliza, nusu ya wilaya ilikuwa inajua. Lakini mtu wa sinema atamwulizaje muuza samaki sinema iliishaje?

Alipostaafu, kampuni ilikuwa imehamia kwenye televisheni, ikampa ile projekta iwe asante, pamoja na filamu hiyohiyo moja. Jenereta ilibaki na gari. Na sasa serikali inaleta umeme. Walter alitaka chumba, kiti, mtu mwingine wa kuendesha mashine, na dakika kumi. Hakuona kama anaomba makubwa.

Boma lake lilikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni ya Phelesia, mikayi, yaani mke mkubwa, Msabato wa kuhesabika, ambaye alishasema kwamba shetani hakuhitaji kuvumbua kitu kingine baada ya sinema. Ya pili ni ya Trizah, mke mdogo, yenye sakafu ya saruji na ukuta wa nyuma usiopigwa na jua. Mtu yeyote mwenye akili ya mwanga angechagua ukuta wa Trizah. Walter alikuwa na akili ya mwanga.

Akamleta Monari, fundi wa matofali kutoka upande wa Kisii, aongeze chumba hapo nyuma. Monari alijenga siku nne bila kusema kitu. Siku ya tano akashuka kwenye jukwaa.

"Mzee, madirisha iko wapi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata tundu."

Monari akautazama ukuta, akamtazama mwenye ukuta. "Mahindi haitaki hewa?"

"Si ghala. Ni sinema."

"Aa," alisema Monari, akapanda tena. Alikuwa amejengea watu wengi.

Ukuta ulipofika kwenye linta, usawa wa juu ya mlango, akaja Austine, binamu mkubwa wa Walter, mtu asiyetembelea boma la mtu bila kosa la kulifuata. Alilizunguka jengo polepole, mikono nyuma.

"Omera, ndugu yangu, hii ni nyumba ya nani?"

"Ya Trizah. Unaijua."

"Na ya Phelesia umeongeza wapi?"

Walter akaokota kipande cha tofali, akakiweka juu ya vingine.

"Sijaona," Austine akaendelea, "lakini macho yangu siku hizi ni mabaya. Labda umeongeza upande ule."

"Jaduong', mzee wangu, hiki ni chumba cha filamu tu. Hakuna mtu atakayelala humu."

"Ukuta haujui kama ni wa filamu. Mikayi ndiye wa kwanza kupanda, wa kwanza kuvuna, wa kwanza kujengewa. Wewe umezunguka na gari la Wazungu mpaka ukasahau mlango wa kwenu uko wapi?"

Walter alisema kwamba hayo ni mambo ya zamani. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeonyesha filamu ya vijidudu vya kipindupindu mbele ya machifu. Austine hakubishana. Alitaja tu chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomfuata aliyevuruga utaratibu wa boma, akaaga. Miaka ile waliokonda walikuwa wengi mno, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kufanya majaribio.

Aliyemaliza ubishi ni Trizah mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Wuon Cliff, mimi humo siingii. Watakaougua ni watoto wangu, si mashine yako. Monari ashuke."

Monari akashuka.

Jioni hiyo Walter alikwenda kwa Phelesia, akakaa kwenye stuli, akaeleza. Phelesia alikuwa anachambua omena na aliendelea kuchambua.

"Min Caren, nataka nikuongezee chumba," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

"Nimesikia. Huyo Austine wako hana sauti ya chini."

"Basi nijenge?"

"Jenga."

Walter akapata moyo. "Na sinema ikae humo?"

"Nimesema jenga. Sijasema sinema." Akatupa mawe mawili yaliyokuwa kwenye omena. "Na nataka madirisha matatu."

Madirisha matatu yalichukua mwaka na nusu. Matofali yalichomwa, mvua ikaja kabla hayajapoa, yakachomwa mengine. Walter alibeba maji ya kukandia udongo kutoka mtoni, na mgongo uliosimama miaka ishirini na sita ukagundua kwamba kuinama ni kubaya zaidi. Mwenye lori la miwa kutoka Awendo aliyeahidi kuleta mchanga akirudi mtupu aliuleta kweli, ila akaumwaga kwa jirani mwenye jina kama la Walter, na jirani alikuwa ameshajengea choo. Krismasi ya 1995 ikapita. Nguzo za umeme hazikuonekana, lakini barazani ilielezwa kwamba ziko njiani.

Chumba cha Phelesia kilipokamilika kilikuwa kizuri kuliko nyumba yenyewe. Kwaya ya Wasabato ikahamia humo kwa mazoezi. Walter aliwasikiliza akiwa nje, akirudia kujenga kwa Trizah, ambako mvua ilikuwa imekula mistari mitatu ya juu ya ukuta. Sasa hakuna aliyemzuia. Hakuwa tena na nguvu ya kufurahia jambo hilo.

"Mzee," Monari alimwambia siku ya kupiga mabati, "hii sinema yako, ni filamu ngapi?"

"Moja."

Monari alipiga misumari minne kabla ya kujibu. "Basi itakuwa nzuri sana."

Agosti 1996 Walter alichoka kungoja. Alikodi jenereta ya mchomelea vyuma mmoja, Jumapili moja, mchana, kwa kuwa chumba kisicho na dirisha hakijali ni saa ngapi. Trizah alikuwa amejifunza mashine wiki tatu nzima bila umeme, akizungusha mkanda mtupu kwa mkono, na alikuwa mwepesi kuliko vijana wote ambao kampuni iliwahi kumpa. Kiti kilitoka Homa Bay, chenye mikono miwili na mto. Watu walijaa mpaka ukutani. Phelesia alikuja hadi mlangoni.

"Nimekuja kuchukua stuli yangu," alisema.

"Iko pale," Trizah akamwambia mke mwenzake. "Ichukue, nyieka, ama uikalie."

Phelesia hakuichukua wala hakuikalia. Alisimama.

Jenereta ikanguruma, shuka likawaka, mwanamke akatokea akifua nguo mtoni. Walter alikaa. Alilaza mikono juu ya mikono ya kiti, mmoja kisha wa pili, akaegemea. Mabati yalikuwa yanatoa joto kama chungu, hewa haikuwa na pa kupita, na nyuma yake mashine iliyokuwa ikimdai siku zote sasa ilikuwa inamwita mtu mwingine. Mkanda wa kwanza aliuona. Wa pili aliuona akibadilishiwa, bila kuinuka, na huo peke yake ulikuwa utamu.

Aliamka watu wakitoka. Shuka lilikuwa jeupe. Mchomelea vyuma alikuwa ameshakunja waya zake, kwa kuwa alikuwa na mageti ya shule ya kumaliza.

"Mbona hukuniamsha?" Walter akamwuliza Trizah.

"Nilikuwa nyuma yako. Niliona kichwa kimetulia, nikasema leo mzee anaona raha."

Hakuthubutu kumwuliza zaidi. Trizah angesimulia sokoni kabla ya kesho. Akamfuata Phelesia hadi kwake, akamkuta anabandika chai.

"Min Caren. Ulikaa mpaka mwisho?"

"Sikukaa. Nilisimama."

"Yule bwana alirudi?"

Phelesia akageuka. "Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Nililala."

Alidhani atacheka. Hakucheka. Aliongeza kijiti kimoja motoni.

"Alirudi," alisema. "Amechoka kabisa, miaka yote hiyo barabarani. Akapewa chai, akalala. Ndiyo mwisho wenyewe."

Walter alilifikiria hilo. Halikufanana na filamu ya vita, na Phelesia alikuwa mtu asiyesema uongo ila panapokuwa na sababu. Kulihakikisha kungehitaji jenereta nyingine, na Jumapili nyingine, na kukaa macho. Akapokea kikombe.

"Alipewa na sukari?"

"Kidogo."

Filamu ilirudi kwenye sanduku lake. Chumba kisicho na madirisha kikawekwa mahindi, na hayakuharibika kama Monari alivyohofia. Krismasi ya 1999 Trizah alinunua chupa mbili za mafuta ya taa badala ya moja, kwa sababu walikuwa na wageni.