Mama Yangu na Ndege wa Ziwa la Magadi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia huwa natazama chini, ingawa kichwa kimejaa mvi na waliokuwa na haki ya kunicheka wameshatangulia. Ni siku niliyompeleka mama yangu kuona ziwa la magadi ndani ya Serengeti. Nyinyi vijana wa Bariadi mnakwenda huko na simu zinazowaambia geuka kulia, geuka kushoto, na mimi nawaonea wivu kidogo. Ila nasikia hata simu mkishajiona mnajua mnaizima.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa tajiri mmoja aliyekuwa akinunua pamba Kasoli na vijiji vya jirani. Shati langu lilikuwa jeupe na maneno yangu mengi. Siku zile dereva kijijini alikuwa mtu mkubwa, watu wazima wananipisha njiani hata nikiwa natembea kwa miguu. Kichwa changu kilivimba tangu hapo.

Mama alikuwa amenipa jina la baba yake, Masanja, kwa hiyo hakuniita mwanangu. Kama ilivyo kwetu, aliniita baba. Huyo babu katika ujana wake alikuwa akitembea siku nyingi na wenzake kufuata chumvi ya ng'ombe, na aliporudi alimsimulia binti yake habari za ziwa lenye ndege wekundu, wengi mpaka maji hayaonekani. Mama alizeeka na habari hizo. Hakuniomba kitenge wala godoro. Aliniambia tu kwamba macho yameanza kuingia ukungu, na kwamba angependa kuwaona ndege wa baba yake kabla ukungu haujafunga kabisa.

Nikamwendea tajiri, akanipa Landrover kwa siku tatu, akaniambia niirudishe kama nilivyoichukua. Tukalala Lamadi kwa shangazi, na asubuhi geti la hifadhi lilipofunguliwa tulikuwa wa kwanza kuingia.

Mwanangu, natamani ungemwona mama yangu asubuhi ile. Alikaa mbele, kanga yake mpya imefungwa vizuri kichwani, mikono yote miwili imeshika dashibodi. Tulipokutana na nyumbu akashtuka, akauliza, "Ng'ombe wote hawa, mchungaji wao yuko wapi?" Nyati mmoja dume alitutazama kwa dharau, naye mama akamtazama vilevile, kisha akasema, "Huyu ukimfunga jembe, shamba letu anamaliza kabla ya uji." Aliwacheka viboko kwa uvivu wao. Kwa tembo tu ndipo aliacha mzaha, akawaamkia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu aliyeingia kwenye mji wa wakubwa. Sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo saa zile, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma.

Mchana tulifika njia panda iliyo karibu na ziwa. Pembeni alisimama askari wa hifadhi na baiskeli yake, kijana wa rika langu, akatupungia mkono tusimame. Mama akasema, "Baba, simama. Muulize mwenye kwake."

Nikapunguza mwendo, nikampungia na mimi, nikapita. Nilimwambia mama, "Mayu, hapa naulizia nini? Ziwa si lile linaonekana?" Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mimi dereva mzima, nimempakia mama yangu, nisimame kuuliza njia kwa mtu wa baiskeli!

Ziwa lilikuwa mbele yetu, na kwa mbali, katikati, palikuwa na mstari mwembamba wenye wekundu. Mama aliukunjia uso, akafinya na macho. "Nasikia sauti zao," alisema, "lakini siwaoni." Basi nikaamua kumsogeza.

Sasa sikiliza kosa langu, maana mtu wa pwani au wa milimani asingelifanya. Kwetu huku, mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni tunakolima mpunga. Ukiwa na maji unameza ng'ombe hadi tumboni. Kiangazi kikikolea, udongo unapauka juu, unakuwa na weupe wa majivu, na hapo kila Msukuma anajua kwamba sasa mkokoteni unapita. Tangu nikiwa mchunga ndama nilikuwa nautazama udongo namna hiyo, na haukuwahi kunidanganya. Nilipoona ufukwe wa lile ziwa ulivyopauka, mweupe, umepasukapasuka, nikamwambia mama kwa kujiamini kabisa, "Umekauka huu. Umepauka."

Mama akatazama, akasema, "Sina hakika, baba. Udongo huu hatujaulima sisi."

Nikaingia. Tulikwenda hatua labda sitini, kisha nikasikia chini ya gari kitu kinavunjika, kama gamba la ugali uliokauka sufuriani. Mbele tukazama. Nikakanyaga mafuta kwa hasira, magurudumu yakarusha tope jeusi linalonuka, injini ikapiga kelele bonde zima. Ule mstari mwekundu ukanyanyuka majini. Nami niliyekuwa na macho mazima niliwaona, mwanangu, maelfu yao, wanageuka angani wote kwa pamoja na kuelekea upande wa pili wa vilima.

"Wameruka?" mama aliuliza. Alikuwa amegeuzia uso upande usio wenyewe.

Yule askari alikuja akikimbia, baiskeli ameiacha njia panda. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kusema lolote na mimi. Kisha akanieleza kwa upole kwamba weupe ule ni magadi tu, ganda la juu, chini yake tope halikauki mwaka mzima. Akaongeza, "Kaka, nilikusimamisha nikuelekeze. Kuna njia pale nyuma ya mawe, inafika kijito kinapoingia ziwani. Heroe, hawa ndege wekundu, wanasogea hapo kunywa maji matamu. Bibi angewaona akiwa amekaa garini."

Nilimwuliza kama watarudi. Alisema wakishtushwa hivyo huhamia ziwa jingine, na kwa leo hadhani.

Mpaka trekta la kutuvuta lipatikane, jua lilikuwa linashuka. Mama alikaa kivulini mwa gari saa zote hizo, miguu ameinyoosha, hakulalamika. Nilipomwomba msamaha aliniambia maneno haya tu: "Baba yangu alifika hapa kwa miguu akiuliza kila mji. Wewe una gari, umeshindwa kuuliza mtu mmoja." Hakuyarudia tena.

Kibali chetu kilikuwa cha siku ile tu, na gari lilirudi na breki zilizoliwa na magadi. Tajiri hakuniazima tena. Nilimwahidi mama mwaka ujao, kisha mwingine, na katikati ya ahadi hizo ukungu ukafunga.

Lakini lililonivunja si hilo. Tuliporudi Kasoli, akina mama wa jirani walijaa uani kumpa pole ya safari, wakamwuliza, "Mayu, ndege wa mzee uliwaona?" Mimi nilikuwa nafungua mizigo. Nilisimama, nikangoja niumbuliwe mbele ya kijiji kizima. Mama akasema, "Niliwaona. Wana rangi ya ua la pamba siku ya pili, likishaanza kugeuka kuwa jekundu. Masanja alinifikisha hadi karibu kabisa." Wakapiga vigelegele, wakanisifu, mmoja akanishika mkono. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima. Angenichapa mbele yao ningepona mapema zaidi.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Unayoyajua ya kwenu ni kweli, usiyaonee haya, lakini yana mwisho wake, na ukivuka hapo wewe ni mgeni hata kama unaendesha gari. Simama. Mwamkie aliye pale, awe na baiskeli, awe peku, umwulize. Aibu ya kuuliza haimalizi hata dakika. Hii yangu ina miaka zaidi ya arobaini.

Mungu akutangulie katika safari zako, akukutanishe na wenyeji wenye moyo mwema, na akupe masikio ya kuwasikia. Na yeyote atakayekuomba umpeleke mahali kabla macho yake hayajafunga, Mungu akujalie umfikishe, aone mwenyewe.