Kijani Bega la Kulia

Picha iliingia kwenye simu ya Epifania adhuhuri ya Tisa Desemba, na chakula kilichokuwa mezani kikapoa bila kuguswa. Mwanawe Shedrack anayeishi Kaoze, mkewe Asnath na watoto wao wawili walikuwa wamevaa mashati ya bendera, sare tupu. Na Lydia, mama yake Asnath, alikuwemo, mjukuu mapajani, naye kavaa lake! Epifania akaifunika simu kwa wivu, kisha akaifunua tena.

Maana sare hizo zilikuwa zake. Enzi za marehemu mumewe Adriano, kila sikukuu ya Uhuru yeye ndiye aliyeketi kwenye cherehani akaunga kijani, njano, nyeusi na bluu, akawavalisha mume na watoto wanne, wakajipanga mbele ya kanisa la misheni hapa Kaengesa wapigwe picha. Majirani waliwaita “ukoo wa bendera” huku wakibinua midomo, naye alifurahia kila mdomo uliobinuka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena Lydia! Mtu aliyehamia Kaoze juzi tu na ng'ombe zake, asiyejua hata tundu la sindano liko wapi!

Akaikuza picha kwa vidole viwili akitafuta kosa, na kosa akaliona. Kijani, ambacho hukaa bega la kulia la mvaaji, kilikuwa bega la kushoto. Mashati yote matano! Akacheka peke yake, akapiga simu hapo hapo.

“Shikamoo mama,” Asnath alipokea.

“Marahaba. Nani kawashonea? Bendera mmeigeuza, mnaaibisha nchi.”

“Si mashati, mama, ni kamera ya mbele. Inageuza kulia kuwa kushoto. Tulijipiga wenyewe. Na nimeshona mimi, nimefuata lile shati la Shedrack la utotoni, ulilomshonea wewe.”

Epifania akageuza maneno. “Na mimi mkanisahau?”

“Mama, tulikuita mara mbili. Ulisema una mahindi ya kupanda.”

Ni kweli alisema. Mahindi yenyewe yalikuwa yameshapandwa wiki mbili nyuma. Alikataa kwa sababu picha ilikuwa inapigwa kwa akina Lydia, na hakutaka kuwa mgeni katika jambo alilolianzisha mwenyewe. Alidhani bila yeye wasingeipiga.

“Mwakani mnapigia wapi?” aliuliza.

“Hapa hapa Kaoze, mama. Watoto wamepapenda.”

Epifania akaiweka simu mezani, akajipima kifua kwa futi ya kushonea, mpaka Asnath akaita, “Mama? Mtandao umekata?”

“Haujakata. Chukua kalamu,” alisema Epifania. “Kifua arobaini na mbili, mabega kumi na saba. Na mwambie mama yako, katikati nakaa mimi.”