Hewa ya Chumba cha Simu

Kazini walimwita Sauti. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka arobaini na sita, na mkimya kiasi kwamba ungeweza kukaa naye kwenye benchi saa nzima asikwambie hata kama mvua inanyesha. Lakini akishavaa hedifoni, alitoa sauti nzito, tulivu, iliyokwisha kuwapoza watu waliopiga simu wakiapa kuja kuichoma ofisi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akipokea malalamiko ya wateja wa kampuni ya maji: bomba limepasuka, mita inazunguka ilhali mabomba yote yamefungwa, maji yanatoka na rangi ya chai.

Chumba cha simu kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa nyuma. Kilikuwa na meza kumi na mbili katika safu mbili, kila meza ikitengwa na jirani yake kwa ubao unaokufika kidevuni ukikaa. Madirisha yalikuwa manne, lakini yote yalikazwa kwa skrubu mwaka ule kiyoyozi kilipofungwa, ili kelele za magari zisiingie kwenye simu na baridi isitoroke. Kiyoyozi kilikuwa ukutani, juu ya meza ya kwanza. Sauti alikaa kona ya mwisho, na siku zote alijiona mwenye bahati, maana ubaridi ulimfikia ukiwa umekwisha kuchoka.

Nyumbani alikaa na baba yake. Mzee alibeba mifuko kwenye kiwanda cha saruji kwa miaka thelathini, na saruji yenyewe, kama alivyopenda kusema, nusu iliondoka na malori, nusu alirudi nayo kifuani. Kutoka chumbani hadi uani alipumzika mara mbili. Mzee alimwita binti yake "mama", kwa kuwa alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na katika nyumba ile ya vyumba viwili walikuwa wao wawili tu.

Ugonjwa ulipoanza kutajwa redioni ulikuwa wa mbali. Baadaye ukawa wa jirani, na mara ukawa wa mjini hapo hapo. Watu waliambiwa wanawe mikono, na Sauti alinawa hadi ngozi ya vidole ikapasuka. Kuhusu barakoa, wakubwa walikuwa bado hawajaelewana. Mmoja alisema waachiwe wauguzi, mtu asiyeumwa hana haja nazo. Juma lililofuata mwingine akasema anayetaka avae, asiyetaka aache. Sauti hakuwa mtu wa kubishana na redio. Aliendelea kunawa.

Kilichombadilisha kilikuwa chungwa.

Meza ya kwanza, chini kabisa ya kiyoyozi, alikaa baba mmoja wa makamo waliyemwita Mcheshi. Hakuna siku iliyopita bila yeye kuwavunja watu mbavu, na wakati mwingine ilibidi wazibe maikrofoni ili wateja wasisikie. Alasiri moja Mcheshi alitoa chungwa kwenye mfuko akaanza kulimenya. Sauti, kule kona ya mwisho, alikuwa akimweleza mteja kuhusu koki iliyoharibika. Kabla Mcheshi hajafika nusu ya ganda, harufu ya chungwa ikamjaa Sauti puani, kali, kana kwamba amelishika mwenyewe.

Alinyamaza katikati ya sentensi.

"Halo? Dada, bado upo?" mteja akauliza.

"Nipo," akasema. Alitazama mbao zile, akatazama madirisha yale manne. Kama harufu ya chungwa imevuka meza zote hizo kabla hata halijamalizika kumenywa, je, pumzi ya anayelimenya? Na pumzi za wale wengine kumi? Hapo ndipo alipotambua kuwa kwa miaka kumi na saba walikuwa wakivuta hewa moja, wakipokezana.

Jioni hiyo alikata shuka kuukuu akashona barakoa kwa mkono, tabaka tatu.

Asubuhi alipoingia nayo, chumba kizima kiliangua kicheko.

"Dada Sauti, umekuja kutupasua?" Mcheshi akapaza sauti. "Anza na mimi basi, unitoe kitambi."

Hata yeye alicheka, nyuma ya kitambaa. Lakini kabla ya saa nne, msimamizi, waliyemwita Bosi tu, akamwita pembeni.

"Mteja amelalamika. Anasema alikuwa kama anaongea na mtu aliye ndani ya pipa."

"Nitapaza sauti, Bosi."

"Si hilo tu. Unatia watu hofu. Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi ya nini? Umewasikia wataalamu wenyewe, mtu mzima wa afya hahitaji."

"Nina mzee nyumbani, Bosi. Mapafu yake hayafai."

"Kila mtu hapa ana mzee nyumbani."

Katika miaka yote ile Sauti hakuwahi kumjibu msimamizi zaidi ya mara mbili mfululizo. "Basi tufungue madirisha."

"Na zile honi za barabarani? Wateja watafikiri tunawajibu tukiwa kituo cha mabasi."

Wakaishia kukubaliana nusu nusu: avae akiwa kimya, avue akiwa kwenye simu. Yaani aivue wakati ule ule anaovuta pumzi nyingi zaidi. Alilijua hilo, na alikubali, kwa sababu alihofia kazi yake. Baadaye, kila alipokumbuka jinsi alivyotikisa kichwa kuitikia, alijisikia vibaya.

Haukupita muda mrefu, Mcheshi akaanza kukohoa. Mwanzoni alikohoa katikati ya kucheka, kisha akawa anacheka katikati ya kukohoa. "Mafua ya kiyoyozi haya," alisema, "ndiyo malipo ya kukaa mbele." Siku ya tatu aliomba ruhusa kabla ya mchana, akatoka ameegemea ukuta.

Baada ya wikiendi, meza tatu zilikuwa tupu. Kesho yake zikawa tano. Bosi alikuwa akipita katikati ya safu akiuliza nani ameshikana mikono na Mcheshi, nani ametumia kikombe chake. Sauti aligeuza fomu ya malalamiko, akachora meza kumi na mbili nyuma yake, na kila aliyeumwa akamtilia alama. Mama mmoja wa meza ya pili, aliyekunywa chai na Mcheshi kila siku lakini alikaa safu nyingine, ambako upepo haukumfikia, alikuwa mzima. Walioumwa walikuwa wa safu iliyopigwa na upepo, moja kwa moja hadi nyuma, wengine hata salamu ya mkono hawakuwahi kupeana naye. Na upepo huo ukifika ukutani ulikuwa ukigeuka kwenye kona. Kwenye kona yake.

Hakuwa daktari. Alama kwenye karatasi hazithibitishi kitu. Lakini aliweka kalamu chini. Aliaga akasema anajisikia vibaya, jambo ambalo lilikuwa bado si kweli, akaenda nyumbani kwa miguu.

Hakuingia ndani. Alisimama uani, barakoa usoni, akaita. Baba yake akatoka polepole, akashika fremu ya mlango.

"Mbona umesimama juani kama mgeni?"

"Baba, usinisogelee. Kazini watu wanaumwa. Nitalala jikoni."

Jiko lao lilikuwa banda la matofali uani, la kumtosha mtu, sufuria na gunia la mkaa.

"Unanikimbia, mama?"

"Sikukimbii wewe. Naikimbia pumzi yangu isikufikie."

Sauti akatoa barakoa nyingine, aliyoishona usiku mmoja na ile ya kwanza, akaiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma. Mzee akaijaribu, akaivua mara moja, macho yamemtoka.

"Haka kapumzi nilikobakiwa nako nikakazibe tena? Si nitajimaliza mwenyewe?"

"Basi usivae. Nitavaa mimi. Ila madirisha yote yawe wazi, na chakula nitakuachia hapa kigodani."

Kwa siku mbili waliishi hivyo. Siku ya tatu, mchana wa jua kali, Sauti alisikia baridi. Alijifunika blanketi, na meno yakawa yanagongana. Muuguzi wa zahanati alikuja na gauni la plastiki, akamchukua kipimo puani, na kesho yake jibu likaja: anao. Tangu siku hiyo chakula kilipikwa na jirani, akikiacha kigodani.

Homa aliivumilia. Kilichomtesa ni ukuta. Jiko liliegemea chumba cha baba yake, na kila kikohozi cha mzee kilipita kwenye matofali. Mzee alikuwa amekohoa kwa miaka ishirini. Utajuaje kikohozi kipya ndani ya kile cha zamani? Alilala sikio limeelekea ukutani, akivisikiliza kimoja kimoja: hiki ni kile cha asubuhi cha kila siku; hiki kimechelewa kukatika; hiki ni kikavu, mbona kikavu? Kuna wakati aliikumbuka simu aliyokuwa akiongea siku Mcheshi alipokohoa mara ya kwanza, simu ndefu ya mtu mwenye kisirani, na yeye amevua, anavuta pumzi, anamtuliza.

Bosi alipiga simu siku ya sita. Aliongea kwa sauti iliyokwaruza. Na yeye alikuwa amelala kitandani.

"Mwenzetu ametutoka," akasema. "Leo asubuhi. Hospitali."

Hakuhitaji kutaja ni nani.

"Ulisema tufungue madirisha," Bosi akaongeza.

"Nilisema mara moja tu, Bosi. Sikurudia."

Siku ya nane, mzee hakukohoa. Sauti aliamka, akasubiri. Saa mbili. Saa tatu. Jua likapanda, kigoda kikabaki na chakula cha jana hakijaguswa. Kufika saa tano hakuvumilia tena. Alivaa barakoa, akajikongoja akishika ukuta hadi kwenye dirisha la chumba. Baba yake alikuwa chali, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia kitandani.

"Baba!"

Hakujibu.

"Baba! Baba wee!"

Jicho moja likafunguka. "Nini?"

Sauti alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili asianguke.

"Nimelala," mzee akasema. "Siku zote unanisikiliza nikikohoa kama vile unasikiliza taarifa ya habari, na mimi nakusikia ukigeuka. Leo nimepata usingizi. Kwani kulala kumekatazwa?"

Alirudi jikoni akalia hadi kitambaa kikalowa.

Zilipotimia wiki mbili na ushee, muuguzi aliwapima wote wawili. Sauti alikuwa amepona. Mzee hakuwa nao, na haikuonekana kuwa aliupata.

"Ni barakoa iliyomsaidia?" Sauti aliuliza. "Au madirisha? Au kulala jikoni?"

Muuguzi alikuwa akivua glavu. "Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya, dada. Pengine vyote. Pengine ni bahati tu. Ulichofanya ni kuupunguzia njia."

Jibu hilo halikumtuliza. Angependa kuambiwa kitu kimoja, akishike, akifanye kila siku.

Aliporudi kazini, skrubu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa, honi zikiingia zitakavyo, na wateja wakilalamika kweli. Meza ya kwanza haikukaliwa na mtu. Sauti alijaribu kwa siku nne. Kila akipokea simu, alijikuta amebana pumzi, maneno yakimkatikia. Siku ya tano alimwomba Bosi ampeleke kwa wasoma mita.

"Sauti kama yako ukapige hodi mageti ya watu?"

"Ni nje, Bosi. Kuna upepo."

Alijifunza kazi mpya akiwa na umri ule, akakimbizwa na mbwa, akachanika viatu, akaungua na jua. Wengine walipoanza kuziacha barakoa, moja moja, hadi sokoni ukabaki kuwaona watu wachache tu wamevaa, yeye aliendelea. Alivaa hata nyumbani.

Miezi mingi baadaye, jioni moja, wakiwa uani, baba yake alimwambia, "Vua basi, mama. Nimesahau ulivyo."

Alisita, kisha akaivua, akaiweka mapajani. Mzee alimwangalia usoni kwa makini.

"Umezeeka," akasema.

Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kicheko cha mzee kikageuka kikohozi kama kawaida yake. Kabla hakijakatika, Sauti alikuwa ameshavaa tena barakoa yake, amesogeza kiti nyuma, anasikiliza.