Bwana Nasikika

Mtaa mzima unamwita mume wangu Bwana Nasikika, na jina hilo limetokana na mimi. Ni fundi wa simu za nyumbani, zile za mezani zinazopita kwenye intaneti kupitia kiboksi cheusi chenye taa. Kila akimaliza kazi kwa mteja, kabla hajafunga begi, anainua simu ya mteja na kunipigia mimi nyumbani. "Nasikika?" anauliza. Mimi niko kwenye cherehani nashona sare za shule, namjibu kwamba anasikika, au anakoroma, au sauti inakatika, naye anarekebisha. Miaka kumi na miwili. Wateja wake hawanijui sura, lakini hakuna laini hata moja ambayo sikuisikia mimi kwanza. Nilijivunia hilo kuliko pete.

Sasa sikia. Mwezi uliopita kampuni ya simu ilitangaza kwamba viboksi vyote vya zamani viwekewe programu mpya, la sivyo vitabaki mapambo. Kazi zikamjaa. Moja ilikuwa nyumba ya kona, kwa mkunga. Siku hiyo akanipigia kama kawaida. Nikamwambia laini inanguruma kama mashine ya kusaga. Akasema, "Safi, mke wangu," akakata.

Nikabaki nimeikodolea simu. Safi nini? Mtu namwambia mbovu, yeye ananiambia safi. Nikajiambia, huyu ana haraka, na haraka yake ina sababu, na sababu yenyewe imekaa kitini pale mbele yake.

Ikawa ndiyo simu ya mwisho. Tangu siku hiyo hakunipigia tena kutoka kwa mteja yeyote. Nilivumilia siku nne, ya tano nikalifungua daftari lake la kazi. Nyumba ya kona, kusasisha kiboksi. Chini yake, nyumba ya kona, kusasisha kiboksi, tena. Na tena. Jamani, hata mimi nisiyejua kitu najua programu huwekwa mara moja. Unasubiri taa iache kupepesa, huzimi umeme katikati, basi, kazi imekwisha.

Mimi wivu ukinishika haunishiki nusu. Nikaanza kumchunguza. Nikimwita kutoka jikoni haitikii. Nikimsimulia habari za wateja wangu anatikisa kichwa pasipo pa kutikisa. Televisheni anaifungulia hadi jirani anagonga ukuta. Na tukikaa kuzungumza, ananitazama mdomoni, kana kwamba ananilinganisha meno na ya mtu fulani. Nilimuuliza waziwazi mbona siku hizi hanipigii. Akasema kazi nyingi, akashika gazeti.

Nilimwona mkunga dukani. Mzuri, nisiwe mnafiki. Ana sauti ya kubembeleza, hata akiuliza bei ya sabuni muuzaji anatabasamu. Nikarudi nyumbani nikashona mikono ya shati ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, ikabidi nifumue yote.

Jana asubuhi daftari likasema nyumba ya kona, mara ya nne. Nikamwacha atangulie, nikafunika cherehani, nikamfuata. Maneno ya wiki mbili nilikuwa nayo yote kifuani. Mlango ulikuwa wazi. Mkunga alisimama karibu na dirisha. Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu, amenipa mgongo, anaangalia taa ya kiboksi ikipepesa.

Sikubisha hodi. Nilimwambia kwamba miaka kumi na miwili nimekuwa sikio lake, na leo ananitupa kwa ajili ya mwanamke mwenye kiboksi kibovu. Nikamwambia nguo zake atazikuta kizingitini. Nikamtaja na mama yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Sauti yangu ilifika barabarani, mwenye baiskeli akasimama kusikiliza.

Hakugeuka. Hata bega halikucheza. Aliendelea kuitazama taa, akajikuna shingo.

Mkunga akanisogelea. Hakukasirika, na hilo nalo liliniudhi.

"Hakusikii, dada," akasema. "Nilidhani unajua."

Akanieleza. Simu yake ilinguruma tangu siku ya kwanza, maana programu ile haikupatana na kiboksi cha aina yake, na fundi kila akija aliiweka sikioni na kusema iko shwari. Safari ya tatu mkunga alisimama nyuma yake akamwita mara tatu, kimya. Ndipo mume wangu akakiri, akamwomba asimwambie mtu, hasa mimi. Siku ile aliponipigia hakusikia hata neno langu moja. Alisema safi kwa kubahatisha tu, kisha akaogopa kupiga tena na kukutana na kimya kile kile. Leo amekuja kuweka programu iliyorekebishwa, na mkunga ndiye wa kumsikilizia.

Nikakaa bila kukaribishwa. Huruma niliiona, lakini sitadanganya, wivu haukuondoka. Mtu baki alijua habari za masikio ya mume wangu zaidi ya wiki nzima kabla yangu, na mimi ninalala naye kitanda kimoja. Hilo mpaka sasa sijalimeza.

Taa ikatulia. Mume wangu akainuka, akageuka ili ampe mkunga simu amsikilizie, na hapo ndipo akaniona. Uso ukamshuka. Nikaenda nikasimama mbele yake, karibu kabisa, aone mdomo wangu.

"Nipigie mimi," nikasema.

Nikatoka na simu yangu ya mkononi mpaka getini, nikasimama mahali anaponiona kupitia dirishani. Ikaita. "Nasikika?" Laini ilikuwa safi kabisa, aliyetetemeka ni yeye. Nikamjibu kwamba anasikika, nikijua hilo jibu halimfikii. Kisha nikainua mkono juu, kama mtu anayesimamisha basi.

Akauona mkono wangu. "Safi, mke wangu," akasema, na safari hii hakukata.